Omba petroli, si fulana: kwa mnaoanza kutafuta wafadhili wa mazalia ya samaki

Ukiingia kwenye kazi ya kutafuta msaada wa kampuni kwa ajili ya Ziwa Victoria, hutakaa muda mrefu kabla hujatajiwa kasa wa pwani. Msikilize anayekutajia. Kule Mafia na Pangani wanakijiji wenyewe ndio wanaolinda viota, anayegundua kiota na kukitunza hupewa malipo kidogo, na baada ya miezi miwili hivi mayai yanaanguliwa, watu wakisimama ufukweni kutazama vitoto vikiteremka majini. Taasisi ya Sea Sense imekuwa kwenye kazi hiyo tangu 2001. Kampuni iliyochangia inapata taarifa yenye idadi ya viota, ya mayai na ya vitoto vilivyofika baharini. Ukishaonyeshwa hivyo, swali la pesa imekwenda wapi linakwisha lenyewe.

Huku kwetu hakuna kiota cha kumpeleka mtu akakione. Sato dume huchimba kishimo kwenye maji mafupi, jike akishataga huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, kisha vitoto hukimbilia kwenye matete na mafunjo. Yote yanafanyika chini ya maji, hatua chache kutoka nchi kavu, na hapo hapo ndipo kokoro, wavu haramu wa kukokota hadi ufukweni, linapopita. Kama hujawahi kuliona likivutwa, tafuta nafasi ulione. Watu wa pande mbili wanavuta kamba, mfuko unatua mchangani, na ukiufungua unakuta sato wa urefu wa kidole wamechanganyika na matope na mizizi ya majani, wakati sheria inataka sato asipungue sentimita 25. Hakuna tajiri wa kuwanunua hao. Wanagawanwa kwenye ndoo, waliobaki wanaachiwa ndege. Mweleze mfadhili hilo kwa maneno ya kawaida kabla hujamfungulia bajeti.

Kwenye bajeti sasa, hapa nawaomba sana msikilize. Kampuni nyingi zinapenda siku moja yenye shamrashamra: mgeni rasmi, fulana na kofia, mfano wa hundi uliochapishwa mkubwa kama mlango, takataka zinaokotwa asubuhi mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na saa sita kila mtu kaondoka. Sisemi mkatae. Lakini kinacholinda mazalia ni petroli ya boti ya doria kila wiki, maboya ya kuonyesha mpaka wa eneo lililofungwa, fundi wa injini, majaketi ya kujiokolea, na posho ya watu wa BMU, vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi ufukweni, wanaoacha kazi zao usiku. Hivyo ndivyo vya kuombea, kwa majina yake na bei zake, na uombe miaka miwili badala ya tukio moja. Akisema miaka miwili ni mingi, mkumbushe kwamba kasa jike huchukua zaidi ya miaka 20 kabla hajarudi kutaga, na bado kampuni zinamchangia. Sato hukomaa mapema zaidi sana. Mfadhili anaweza kuyaona matunda mkataba haujaisha.

Ayaone kwa kipimo gani? Rula na daftari. Mkubaliane na BMU mtu mmoja awe anapima urefu wa sato wanaoshushwa mwaloni, siku zile zile kila mwezi, na aanze kabla pesa haijaingia. Ongezeni idadi ya doria na ya nyavu haramu zilizosalimishwa. Picha za watu wameshikana mikono zikae nyuma kabisa ya taarifa.

Ila kabla ya kampuni, BMU. Vikundi hivi viko kwenye Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na zaidi ya sheria, wao ndio wanaojua mazalia yako wapi na nani anayavua. Nenda, msalimie mwenyekiti, kaa, sikiliza. Ukifika mwaloni na nembo ya kampuni kabla hujafika na salamu, wavuvi wataamini eneo limeuzwa, na wasiwasi huo si wa kipuuzi.

Kwa sababu hiyo hiyo, viwanda vya minofu ya sangara ni wafadhili wa kuwaendea, maana bila samaki hawana kazi, lakini jina lao lisiandikwe ubavuni mwa boti ya doria. Mvuvi anayelalamikia bei ya kiwanda hatamsikiliza mlinzi aliyekuja na boti ya kiwanda. Nembo ikae kwenye bango la ofisi.

Migodi ya dhahabu upande wa Geita ina njia yake: tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, mpango wao wa mwaka wa kusaidia jamii hukubaliwa pamoja na halmashauri, kwa hiyo anzieni huko. Kampuni nyingine zitawauliza habari za kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani iliyotambuliwa na TRA, au kwa mradi wa maendeleo ya jamii, kupunguzwa kwenye mapato hadi 2% ya mapato ya biashara. Tafuteni utambuzi huo mapema, mhasibu wa kampuni atauulizia.

Kuna ombi moja litakalowafikia: kampuni inataka kumwaga vifaranga vya samaki ziwani mbele ya kamera. Ziwa hili limeshaumizwa na samaki wa kuletwa. Sangara na sato wenyewe waliingizwa miaka ya 1950, na ngege wa asili, aliyekuwa kitoweo cha wazee wetu, karibu wote wametoweka kwenye ziwa lenyewe. Mwelekezeni mfadhili kwanza kwa wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza, na mkononi muwe na pendekezo la pili tayari, pesa ile ile ikinunua maboya.