Una miaka 21 na hujasajiliwa? Ngoja nikupe habari za Grafite, straika wa Brazil

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja ninayemfundisha hapa Morogoro alinirudishia jezi ya mazoezi. "Shikamoo, kocha. Mimi mpira naacha." Ana miaka 21, namba tisa, yaani straika, mwenye nguvu na miguu yote miwili. Wenzake aliocheza nao UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, wameshapata timu, yeye bado yuko mchangani. Nilimwomba akae chini kwanza.

Nilimwelewa kwa sababu mimi niliacha nikiwa na 23. Wakala alichukua laki nane zangu, akaniahidi majaribio nje ya nchi, kisha simu yake ikawa haipatikani. Nikaenda Dubai kufanya ulinzi wa maghala, na mwaka mzima sikutaka hata kutazama mpira. Aliyenirudisha ni mwenzangu wa zamu, mtu wa Mombasa, aliyenivuta jioni moja hadi Uwanja wa Rashid kuwatazama Al Ahli, timu ya palepale Dubai.

Pale mbele alikuwapo Mbrazili mrefu, mweusi, umri umeshasogea. Grafite. Jina lake halisi ni Edinaldo Batista Libânio. Kilichonishika ni shingo yake. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuka mara mbili tatu kuangalia beki amesimama wapi. Hakupoteza mbio. Akiondoka, ujue ameona nafasi. Tangu siku ile nilikuwa nikipata mapumziko yanaangukia siku ya mechi, nilikwenda.

Mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba huyu bwana, kabla ya mpira kumlipa, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiuza mifuko ya taka. Alizaliwa mwaka 1979 huko Jundiaí, jimbo la São Paulo. Umri ambao Wabrazili wengi wenye kipaji wameshauzwa Ulaya, yeye ndio kwanza alikuwa anaanza soka la kulipwa Matonense, timu ndogo ya jimboni. Sisemi kila anayechelewa atafika. Wengi hawafiki, na nisingependa nikudanganye. Ninachosema ni kwamba miaka 21 peke yake haitoshi kuwa sababu ya kuacha. Kama ni goti, au una watoto wa kulisha, hayo ni mazungumzo mengine na nitakuheshimu.

Baada ya Matonense alipita Santa Cruz ya Recife, kisha Grêmio. Mwaka 2003 akaenda Korea Kusini, Anyang LG Cheetahs. Hakudumu. Mwaka huohuo alikuwa amesharudi Brazil, Goiás. Hapa ndipo ninapowabana vijana wangu sana, maana kwetu mtu akirudi kutoka nje bila mafanikio mtaa mzima unamsema, naye anaona aibu hata kufanya mazoezi mchana. Grafite alirudi, akacheza, na mwaka uliofuata klabu ya São Paulo wakamchukua. Mwaka 2005 alikuwa kwenye kikosi kilichobeba Copa Libertadores, yaani ubingwa wa klabu za Amerika Kusini, na Kombe la Dunia la Klabu. Angejificha kwa aibu ya Korea, hayo yote yangempita.

Halafu akafanya uamuzi ninaoupenda kuliko mingine yote. Januari 2006, akitoka kwa mabingwa wa dunia, alikwenda Le Mans ya Ufaransa. Ni timu ya kawaida tu, lakini pale alipata dakika za kucheza. Mwaka 2007 Wolfsburg wakamwita Ujerumani. Straika asiyecheza anasahaulika upesi kuliko beki. Ukiwa na ofa mbili, nenda kule utakakoanza, hata kama ile nyingine ina jina na basi zuri.

Msimu wa 2008/09 ndio uliomfanya ajulikane dunia nzima. Chini ya kocha Felix Magath alifunga mabao 28 katika mechi 25 za Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, akawa mfungaji bora, na Wolfsburg wakatwaa ubingwa wao wa kwanza. Tarehe 4 Aprili 2009, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 30, waliifunga Bayern München 5-1. Bao la tano ni lake. Aliingia na mpira kutokea kushoto, akawapita mabeki, akamzunguka golikipa Michael Rensing, kisha badala ya kupiga shuti akausukuma kwa kisigino. Ukaenda taratibu, mabeki wanautazama, hadi wavuni.

Lakini ukiangalia bao hilo peke yake utajifunza nusu. Pembeni yake Edin Džeko alifunga 26. Wawili hao walifikisha 54, wakavunja rekodi ya jozi katika msimu mmoja wa Bundesliga, mabao 53 ya Gerd Müller na Uli Hoeneß wa Bayern. Nyuma yao kiungo Zvjezdan Misimović alikuwa akiwapikia pasi. Mimi nimeona mastraika wengi wa mchangani wakimnyima mpira mwenzao kwa sababu wote wanawania jicho la skauti mmoja. Siku hizi mazoezi ya kufunga nayafanya kwa jozi: mmoja anavuta beki, mwingine anaingia pale palipobaki wazi, kisha wanabadilishana.

Mwaka 2010, akiwa na miaka 31, aliitwa na Dunga, kocha wa Brazil wakati huo, kwenye Kombe la Dunia Afrika Kusini. Mwaka uliofuata akaja Dubai, na msimu wa 2013/14 nilishuhudia Al Ahli wakiwa mabingwa. Baadaye alirudi Santa Cruz, timu iliyowahi kumlea. Mwaka 2016 wakachukua ubingwa wa jimbo lao la Pernambuco na Copa do Nordeste, kombe la kaskazini-mashariki mwa Brazil, kisha mwishoni mwa mwaka wakashuka daraja. Alistaafu mwanzoni mwa 2018, akawa mchambuzi wa mpira kwenye televisheni.

Kuhusu mawakala, nisikilize kama kaka yako. Usitoe hata senti kulipia majaribio. FIFA wanaweka mtandaoni majina ya mawakala wenye leseni. Tafuta jina la huyo anayekupigia, na kama halimo, kata simu. Kisha uliza nani analipa tiketi ya kurudi, kocha ni nani, na namba tisa wangapi wameshasajiliwa pale.

Yule kijana alirudi Jumamosi. Hakusema neno, alichukua tu jezi yake kwenye mfuko. Baada ya mazoezi akaniambia kuna timu ya ligi ya mkoa kule Kilosa ambayo straika wake mmoja ameumia na mwingine amehama. Nauli tumechangishana, anaondoka kesho alfajiri.