Kupanda Miamba Baada ya Miaka Hamsini: Vidole Kwanza, Kisha Miguu

Watu wakisikia kwamba napanda miamba na nimeshastaafu, huniuliza maswali mawili. Moyo unaweza? Na nguvu unazitoa wapi? Karibu hakuna anayeuliza kuhusu vidole. Ilhali kwa watu wa rika letu, kinachoamua kama utapanda kwa miaka mingi au utaacha kabla mwaka haujaisha ni kano nyembamba zinazopita ndani ya vidole. Moyo una dawa zake na daktari wake. Kano zinataka subira tu, na subira ndiyo inayotushinda wengi.

Nilianza nikiwa na miaka 57, bado nafundisha, pale Lukenya, kile kilima cha mawe kando ya barabara ya Mombasa ukishapita Athi River. Nikisema kupanda miamba simaanishi kutembea mlimani. Kilele cha Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, mtu hukifikia kwa kutembea. Batian, kilele cha juu kabisa cha mlima huo, mita 5,199, hakifikiki bila kamba na mikono. Watu wa kwanza kusimama juu yake walikuwa Mwingereza Halford Mackinder na waongozaji wake wawili, Ollier na Brocherel, mwaka 1899. Ninachozungumzia hapa ni kazi ya aina hiyo ya Batian kwa kipimo kidogo: jabali lililosimama, mita kumi na tano au ishirini, kamba imefungwa kiunoni, na mtu chini anayeishika.

Sasa vidole. Misuli ikifanyishwa kazi hupata nguvu ndani ya wiki chache, hata kwa mtu wa miaka sitini. Kano hazipitishi damu nyingi, kwa hiyo hujijenga polepole sana, kwa miezi na hata zaidi. Katika pengo hilo ndipo wageni wengi wanapoumia. Unajisikia una nguvu, mabega yamekaza, unaona njia ngumu zaidi na unaitamani, na kumbe kidole hakijafika huko. Ndani ya kidole, kano hushikiliwa kwenye mfupa na vipete vya tishu ngumu. Ukiukamata ukingo mdogo wa jiwe kwa kukunja vidole na kuweka gumba juu yake, mzigo mkubwa huangukia kile kipete cha karibu na shina la kidole. Kikichanika, mara nyingi mtu husikia mlio wa ghafla, na kidole kinachoathirika zaidi ni cha pete au cha kati. Kupona huchukua miezi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningekuwa na mmoja tu ningetoa huu: mwaka mzima wa mwanzo shika mawe kwa mkono uliofunguka. Vidole vinyooke kadiri vinavyoweza, viningʼinie juu ya jiwe, gumba likae pembeni. Njia ambayo haiwezi kupandwa bila kukunja vidole, iache kwa sasa. Baada ya siku ya kupanda, pumzika siku mbili kamili kabla ya kugusa jiwe tena. Vijana hupanda leo na kesho. Wewe usifuate ratiba yao hata wakikubembeleza.

Na kila asubuhi, kabla hujatoka kitandani, kunja ngumi taratibu. Ukijijua, utajua ugumu wako wa kawaida ni upi. Vidole vikichelewa kulegea kuliko kawaida, au kiungo kimoja kikivimba, siku hiyo si ya kupanda, hata kama gari limeshajazwa mafuta na wenzako wanakungoja.

Miguu ndiyo habari njema. Jiwe la Lukenya ni gumu na la mikwaruzo, lina chembechembe zinazouma soli ya kiatu, na mtu anayejua kusimama juu yake anahitaji mikono kwa kiasi kidogo tu. Hapo umri unakupa nafasi. Kijana mwenye mabega huvuta, kwa sababu anaweza kuvuta. Mwanamke wa miaka sitini hana anasa hiyo, kwa hiyo analazimika kujifunza mapema kile ambacho kijana atajifunza baada ya kuchoka: angalia mahali, weka ncha ya kiatu, usiondoe jicho hadi kiatu kitulie, shusha kisigino kidogo, kisha simama. Mikono inashika mizani, paja ndilo linalokuinua.

Nampenda sana mzee mmoja wa Uswisi, Marcel Remy, aliyezaliwa 1923. Mwaka 2017, akiwa na miaka 94, alipanda Miroir de l'Argentine pamoja na wanawe Claude na Yves, ambao nao ni wapandaji mashuhuri. Ule ni ukuta wa chokaa wa mita mia kadhaa. Wanaomtaja husema habari za moyo wake wa ushujaa, na ni kweli alikuwa nao. Mimi huangalia ukuta wenyewe. Miroir ni bamba lililolala kidogo, laini, ukuta wa mtu anayeamini miguu yake. Chagua miamba ya namna hiyo. Kuta zinazokuinamia mgongoni waachie wenye miaka ishirini.

Kuna jambo la miwani ambalo sijaona likisemwa na mwalimu yeyote kijana, na si kosa lake, hajafika huko. Ikiwa unavaa miwani yenye sehemu ya kusomea upande wa chini, basi kila unapotazama miguu yako unaitazama kupitia kioo cha kusomea, na mguu unakuwa ukungu. Hatua nzima ya kuweka kiatu inaharibika. Nilitengenezewa miwani ya kioo cha aina moja, ya kuonea mbali, na ninaifunga kwa kamba nyuma ya kichwa. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya viatu, na ilinisaidia kuliko viatu.

Masikio pia. Upepo ukivuma Lukenya, maneno kutoka juu hayafiki chini vizuri, na kama usikivu wako umepungua ni afadhali kusema wazi kabla ya kufunga kamba. Mimi na mshika kamba wangu tunakubaliana ishara za kuvuta kamba na maneno mafupi yasiyofanana kwa sauti, na kila neno linatanguliwa na jina, kwa sababu siku za Jumamosi kuna makundi mengine jirani yanayopiga kelele zilezile. Kijana anayenishikia kamba huniita Mwalimu. Akisikia sauti yangu bila jina lake mbele, hafanyi lolote.

Kuhusu daktari nitasema kwa ukali kidogo. Usiende kumwomba ruhusa ya "mazoezi". Mwambie kinachofanyika hasa: kwamba utakamata vitu kwa nguvu mikono ikiwa juu ya kichwa, na kwamba mtu akikaza namna hiyo huku amebana pumzi, presha hupanda ghafla. Kama unatumia dawa za presha, uliza zinafanyaje ukiwa juani na hujanywa maji ya kutosha. Kuna zinazokupunguzia maji mwilini, kuna zinazozuia mapigo ya moyo yasiongezeke, na kuna zinazoleta kizunguzungu ukisimama haraka. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kugonga kichwa hata kidogo si jambo dogo, na mazungumzo hayo lazima yafanyike kabla. Ukiwa ukutani, toa pumzi kwa sauti kila unapoinuka. Inasikika ajabu mara ya kwanza, halafu inakuwa desturi.

Wanawake waliokoma hedhi wanajua, au wanapaswa kujua, kwamba mifupa hupungua uzito. Ndiyo maana sipandi bila kamba juu ya magodoro kama wanavyofanya vijana kwenye kuta za ndani. Pale kuanguka ni sehemu ya mchezo, na kila kuanguka ni kuruka chini. Ukitaka kufanya hivyo, usipande juu kuliko mahali unapoweza kushuka hatua kwa hatua, na usiruke kamwe. Kifundo cha mguu kilichovunjika ukiwa na miaka 62 hakiungi kama cha mjukuu wako. Kamba iliyotangulia kupitishwa juu, kwenye nanga imara, yaani pale inapofungiwa kwenye jiwe, na wewe ukapanda ikiwa juu yako wakati wote: hiyo ndiyo shule yetu, na hakuna aibu kubaki hapo daima. Sijawahi kuhisi haja ya kuongoza njia nikipandisha kamba mwenyewe, na furaha yangu haijapungua.

Vua pete. Hili nalisisitiza kwa akina mama na akina baba walioolewa na kuoa miaka mingi, kwa sababu pete zimekazana vidoleni na watu huona haya kuzivua. Pete ikinasa kwenye ufa wa jiwe huku uzito wako unashuka, inaweza kuondoka na nyama ya kidole. Yangu naiacha nyumbani. Rafiki yangu mmoja huivaa shingoni kwenye mkufu ndani ya nguo, na mumewe hana neno.

Viatu visikubane kama wanavyokuambia dukani. Vidole vya miguu vya umri wetu vina vinundu na viungo vilivyochoka, na joto huvimbisha mguu kufikia saa nne asubuhi. Chukua kiatu ambacho vidole vinagusa mbele bila kujikunja. Kwa njia tunazopanda sisi, kinatosha kabisa.

Nyumbani, mazoezi yangu ni ya kawaida mno. Kuinuka kitini bila kushika chochote, kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, kusukuma ukuta ili mabega yasivutwe upande mmoja tu, na kutembea. Wataalamu wanakadiria kwamba mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kwa kila miaka kumi baada ya kufika thelathini, na kasi huongezeka baada ya sitini. Hasara hiyo huweza kupunguzwa kwa kubeba uzito, na mwili wako ni uzito tayari.

Ukishazoea Lukenya, nenda hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mnara wa Fischer, uliopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko 1883, uko karibu na lango na una njia fupi zinazofaa wanaojifunza. Zile kuta kubwa za ndani ya korongo ni za watu wenye uzoefu na waongozaji. Tumbusi hutaga kwenye kuta zile, kwa hiyo waulize askari wa hifadhi ni sehemu gani zisizoguswa kwa wakati huo, na uheshimu jibu. Kisha kuna nyuki. Hukaa kwenye nyufa za miamba mingi ya kwetu, na mtu aliyeningʼinia kwenye kamba hawezi kukimbia. Kabla ya kufunga kamba, simama chini kimya kwa muda, tazama juu na usikilize. Ukiona wanaingia na kutoka kwenye ufa ulio karibu na njia yako, tafuta njia nyingine. Na uwe umemaliza kabla jua halijakuwa la utosini, kwani jiwe likipata moto kiatu huteleza na mkono hutoa jasho.

Watoto wangu hawakupenda. Binti yangu alisema, "Mama, ukianguka nani atanipigia simu?" Sikumjibu kwa maneno. Nilimchukua, nikamfunga hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, nikamfundisha fundo la nane la kufungia kamba na namna ya kukagua fundo la mwenzake kwa mkono na kwa jicho, nikamwacha anishikie kamba na mwalimu wa kupanda akiwa kando yake. Aliponishusha mara ya kwanza mikono yake ilikuwa inatetemeka, na tangu siku hiyo haulizi tena kuhusu kuanguka, anauliza kama nimekunywa maji. Walio na familia yenye wasiwasi wafanye hivyo. Mtu akiishika kamba mwenyewe huelewa inavyofanya kazi, na hofu yake inapata mahali pa kukaa.

Jambo la mwisho ni kuhusu atakayekushikia kamba. Kama wewe ni mzito kuliko yeye kwa kiasi kikubwa, ukianguka anaweza kuinuliwa kutoka ardhini, kwa hiyo afungwe kwa nanga au apatikane mwenye uzito wa karibu na wako. Kifaa chake kiwe cha aina inayojibana chenyewe kamba ikivutwa ghafla, lakini mkono wa breki usiachwe hata hivyo. Ikiwa zamu yako kushika, shingo itauma kwa kutazama juu. Kuna miwani maalumu yenye vioo vinavyopinda mwanga inayokuonyesha mpandaji huku ukitazama mbele, na kwa shingo za umri wetu ni kifaa cha kununua mapema, kabla hata ya kamba yako mwenyewe. Kamba unaweza kuazima kutoka kwa chama. Mountain Club of Kenya ipo tangu 1949, kuna wanachama wenye mvi za kutosha, na ukifika ukisema umri wako na kwamba hujui lolote, watakuuliza una viatu namba ngapi.