Mate, kukoroma na viatu namba 40

Mdogo wangu uliyeuliza kama ni kawaida mate kujaa mdomoni kutwa nzima na mimba ya wiki 9: ni kawaida, na pole sana. Kichefuchefu kila mtu alinionya. Mate hakuna aliyeyataja.

Mimi yalianza wiki ya 7. Nikiyameza natapika, nikiyaacha siwezi kuongea. Nikawa natembea na kikopo cha mtindi chenye mfuniko, ndani nimekunja tishu yasichezecheze, nakificha kwenye mkoba. Siku moja kwenye daladala la Mbagala konda akaja kudai nauli wakati mdomo umejaa. Nikamwonyesha kidole asubiri. Akaona dharau: "Sista, unanikaushia?" Gari zima likageuka. Ikabidi nitoe kikopo, niteme mbele yake, ndipo nimlipe. Kijana wa watu hakuongeza neno. Alinirudishia chenji, akamwinua jamaa aliyekaa dirishani, akaniambia, "Mama, kaa hapa upate upepo." Toka siku hiyo kikopo sikukificha tena.

Kilichonisaidia ni kunyonya limao, vipande vya barafu na kupiga mswaki mara kwa mara. Mimba ilipofika mwezi wa 5 yalikata yenyewe. Ila ukiona hata maji hayakai tumboni na mkojo umekuwa kidogo na mzito kama chai ya rangi, hiyo si ya kuvumilia nyumbani, wahi hospitali.

Halafu nikaanza kukoroma. Mume alinirekodi kwenye simu, nikamkatalia katakata, nikasema hiyo ni pampu ya maji ya jirani. Nesi wa kliniki alicheka, akanieleza kuwa mjamzito damu yake huongezeka karibu nusu na ngozi laini ya ndani ya pua huvimba, ndiyo maana hata fizi zinatoka damu ukipiga mswaki. Nikalala kwa ubavu na mito mitatu, pampu ikapungua kelele.

Udongo nao nilikula, sitadanganya. Harufu ya mvua kwenye vumbi ilikuwa inanitoa udenda. Nilipokiri kliniki wakanipima, kumbe damu ipo chini, nikaongezewa vidonge. Hamu ile mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe una minyoo na uchafu mwingine, kwa hiyo sema tu, usione aibu. Kiungulia? Mama mkwe aliapa mtoto ana nywele nyingi. Alizaliwa na kipara.

Ila kilichoniuma ni miguu. Ile homoni inayolegeza viungo hailegezi nyonga peke yake, na nyayo zimo, juu yake weka uzito, basi mguu unatanuka na kurefuka. (Usichanganye na kuvimba ghafla uso na mikono pamoja na kichwa kuuma au kuona maruweruwe. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, nenda siku hiyohiyo.) Niliingia mimba navaa 38, nikatoka navaa 40. Mtoto ana miaka 4 sasa, mguu haujarudi. Viatu vyangu vya harusi nilimpa mdogo wangu wa kuzaliwa. Naye ana mimba ya miezi 6, na juzi kanipigia kuuliza kama nina kandambili za akiba.