Mtu mmoja, vyombo vyote

Ndugu yangu, umeuliza mtu mmoja anapigaje gita, banjo na fidla kwenye wimbo mmoja. Mara nyingi hutanguliza gita, kisha huvaa hedifoni na kurekodi vingine juu yake, kimoja kimoja. Gita likiyumba mwendo, ndiyo basi, kila kinachofuata kitayumba nalo.

Ila msikilize Mike Seeger (1933–2009), Mmarekani aliyezama kwenye muziki wa kale wa vijiji vya kusini mwa Marekani. Yeye aliweza kuning'iniza harmonika (kinanda cha mdomo) shingoni, fidla mkononi, akavipiga vyote kwa pamoja. Mimi upigaji huo ndio naupenda, hata pumzi ikisikika. Anza na albamu yake Southern Banjo Sounds ya 1998: banjo za kila aina, hata yenye mwili wa kibuyu ikiwemo.