Majani hayo ni sanamaki, ila mama asiyafanye chai ya kila siku

Mkuu, umeuliza jina la yale majani makavu aliyouziwa mama yako huko Buhongwa kwa ajili ya choo kigumu, na kama anaweza kuyanywa kila siku. Kwa ulivyoyaeleza, hayo ni sanamaki. Kila siku hapana. Nimemuuguza bibi yangu hapa Kirumba kwa dawa hiyohiyo, kwa hiyo nakueleza ninachokijua.

Kwanza hakikisha ni yenyewe. Sanamaki ni kichaka kifupi cha nchi kame, kinalimwa sana India na Sudan, na huku madukani utaikuta imeshakauka. Jani lake ni dogo, jembamba, limechongoka nchani, kijani kilichopauka, ukilipinda linavunjika. Mara nyingi limechanganyika na maganda bapa, mepesi kama karatasi, unayaona mavimbe ya mbegu ndani. Ikishasagwa huwezi kujua umeuziwa nini, ndiyo maana mimi unga sinunui. Wapo wanaochuma mjohoro wa barabarani wakidhani ndio wenyewe. Ni wa ukoo mmoja kweli, ila ule ni mti mkubwa wa kivuli, usibahatishe nao.

Kinachonitisha zaidi ni mbono kaburi, ile ya kwenye uzio. Mbegu zake zinaharisha kwa sababu ni sumu, na anayezila anatapika na kuumwa tumbo vibaya. Mbegu za mnyonyo nazo zina sumu kali iitwayo risini. Mafuta ya nyonyo yaliyotengenezwa vizuri ni jambo jingine, lakini mbegu yenyewe mtu asitafune.

Bibi alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma vinavyofanya choo kiwe cheusi na kigumu. Nilikuwa natia kijiko kidogo cha chai kisichojaa, kama gramu 1 hivi, kwenye kikombe cha maji ya moto, nafunika dakika 10, nachuja, anakunywa akienda kulala. Dawa hii haianzii kazi tumboni. Inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanaibadilisha, ndipo utumbo unaanza kusukuma. Hapo zimeshapita saa 6 hadi 12. Wengi wanaumia hapa: mtu anakunywa saa mbili usiku, saa nne haoni kitu, anaongeza kikombe cha pili. Alfajiri tumbo linamnyonga, jasho linamtoka, chooni hatoki. Kikombe kimoja, kisha usubiri asubuhi. Mkojo unaweza kubadilika ukawa wa njano iliyokolea au mwekundu. Bibi alishtuka akajua ni damu.

Sasa hilo la kila siku. Kuharisha kunaondoa maji na potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka misuli inalegea, mapigo ya moyo yanavurugika. Kama mama anatumia dawa za moyo, au zile za presha zinazokojoza, asinywe kabla ya kuongea na daktari. Hata mzima asivuke wiki moja bila ushauri. Nasikitika sana ninapoona mabinti wanauziwa sanamaki kama chai ya kukata kitambi. Wanachotoa ni maji, mafuta yamebaki palepale.

Bibi alipona kwa mambo mengine. Tulimweleza daktari, akambadilishia vile vidonge. Nyumbani tukaongeza maji ya kunywa, papai asubuhi, juisi ya ukwaju, na mlenda karibu kila jioni badala ya ugali na dagaa wakavu peke yake. Sanamaki ikabaki ya usiku mmoja mmoja, choo kikigoma kabisa.

Kabla hujamchemshia kikombe kingine, muulize mama: anatapika? Tumbo limejaa na hata upepo hautoki? Anaumwa upande wa kulia chini? Ameona damu kwenye choo, au amepungua mwili bila sababu? Akijibu ndiyo hata kwa moja, sanamaki iweke kando, mpeleke hospitali leo. Mjamzito na mtoto mdogo nao wasipewe mpaka umeuliza kliniki. Kisha rudi utuambie anaendeleaje, na kama kuna dawa nyingine anazotumia zitaje hapa.