Kabla ya Dawa, Hesabu Nyayo: Maswali Yenu Kuhusu Paka Wenye Miguu Iliyovimba

Jua la Mwanza limekuwa kali, na maswali ya paka wenye nyayo mbaya yamenijia kwa wingi. Nimechukua matano. Kabla ya yote naomba jambo moja: mpeleke paka kwenye mwanga, mgeuze mguu, kisha angalia nyayo zote nne. Ukikuta mbovu ni mmoja, tafuta jeraha, mwiba au moto. Zikiwa mbili au zaidi, mara nyingi shida imetoka ndani ya mwili.

Shikamoo daktari. Paka wangu nyayo mbili za mbele zimevimba, zimelegea na kuwa za zambarau. Hachechemei, dagaa anakula vizuri. Jirani anasema ni funza. (Dada wa Kirumba)

Marahaba, binti yangu. Funza huwa kivimbe kidogo kigumu chenye kitone cheusi katikati, na hupenda kukaa karibu na kucha. Unachonieleza kinafanana zaidi na ugonjwa ambao seli za plasma, askari wa kinga ya mwili, hujazana kwenye wayo bila sababu inayoeleweka vizuri.

Juzi nililetewa dume la namna hiyo, limefungwa khanga ndani ya ndoo. Wayo mkubwa wa katikati, nilipoubonyeza kwa kidole gumba, uliingia ndani kama unga wa maandazi uliokwisha kuumuka. Juu yake palikuwa na mistari myembamba meupe iliyokatizana kama wavu wa dagaa. Ukiona hivyo kwa paka wako, nenda kwa daktari wa mifugo. Atachoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, avute majimaji kidogo na kuyatazama kwa hadubini.

Dawa inayotangulia kwa kawaida ni doksisaiklini. Ni kiuavijasumu, lakini hapa tunaitaka kwa sababu inatuliza kinga. Theluthi hadi nusu ya paka hupona au hupata nafuu nayo, ila inataka subira, maana matibabu yanaweza kufika wiki 8 na kuzidi. Ikishindikana kuna prednisoloni au siklosporini, na wayo uliopasuka na kugoma kufunga unaweza kufanyiwa upasuaji. Wapo pia wanaopona wenyewe. Omba paka apimwe pia virusi vya upungufu wa kinga vya paka, kwa kuwa wengi wenye ugonjwa huu wamekutwa navyo.

Nakusihi, usinunue kapsuli ya binadamu ukamgawia. Doksisaiklini ikikwama kwenye umio wa paka huuchoma mpaka unasinyaa, na hapo paka hashindwi kumeza kidonge tu, hata chakula hakishuki. Kila dozi ifuatwe na mililita 5 hivi za maji kwa bomba lisilo na sindano, polepole, pembeni mwa mdomo.

Alikuwa analia kwa maumivu, nikampa robo ya parasetamoli. Je, nimpe tena jioni? (Kaka wa Igogo)

Hapana! Tena usisubiri jioni. Mpeleke sasa hivi kwa daktari wa mifugo na ueleze umempa kiasi gani na saa ngapi. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu, na sumu yake huharibu damu hadi ishindwe kubeba hewa. Fizi hugeuka kahawia au buluu, paka anahema kwa shida, uso na miguu vinavimba. Wapo watu wanaoona miguu imevimba zaidi wakaongeza dozi, na hilo huniumiza sana kulisikia. Ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo, lakini inamsaidia anayewahi. Diklofenaki na ibuprofeni nazo msimpe.

Paka wetu hushinda mwaloni. Leo amerudi na ndoano kwenye wayo. Niivute? (Mzee wa Igombe)

Shikamoo mzee wangu. Usiivute, kwani kile kijino cha ndoano kitachana nyama wakati wa kurudi. Mviringishe kwenye taulo abaki kichwa tu, kata mshipi ubakize kipande, umpeleke. Daktari atamtuliza kwa dawa, atasukuma ncha itokeze upande wa pili, akate kijino kwa koleo ndipo aitoe. Iwapo mshipi unaning'inia mdomoni au nyuma, msiuvute kabisa, unaweza kukata utumbo.

Nyayo zimebabuka baada ya kutembea juu ya bati mchana. Nipake nini? (Mama wa Mabatini)

Pole, mama. Maji ya kawaida ya bomba, yapite juu ya wayo kwa dakika 10 au zaidi. Barafu, dawa ya meno na mafuta ya kula weka mbali. Baadaye unaweza kuosha kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja na nusu cha chai katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha ukaushe kwa kitambaa safi. Dawa za kuulia vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe msitumie, paka atazilamba na ni sumu kwake. Malengelenge yakitoka, au akikataa kukanyaga, mwoneni daktari siku hiyo hiyo. Na miamba yetu nayo huwaka saa nane mchana, kwa hiyo muwekeeni kivuli.

Watoto wanamshika. Ugonjwa huo wa nyayo laini unaambukiza? (Baba wa Nyakato)

Hauambukizi watu, wala virusi vile vya paka haviwapati binadamu. Kwa paka wenzake virusi hupita hasa kwa kung'atana, ndiyo maana nawashauri madume yahasiwe. Jihadharini wakati wa kumtibu, kwani paka mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo wakuangalie kuhusu kichaa cha mbwa, hata kama meno yameacha alama ndogo tu.