Nimesoma madesa mara tatu, mbona kwenye mtihani sikumbuki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya famasia, mwaka wa pili, na farmakolojia, yaani somo la jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, inanitesa. Madesa (vitini vya masomo) nayarudia hata mara tatu, napaka rangi sehemu muhimu, na usiku wa kuamkia mtihani nakesha. Nikiwa chumbani naona kila kitu nakijua, nikikaa kwenye mtihani dawa za TB zinachanganyikana zote. Nimeshapata sapu moja, yaani mtihani wa marudio, na mtihani mwingine uko wiki nne mbele. Je, nina tatizo la kumbukumbu? Na vile vidonge vya kuongeza akili vinasaidia?

JIBU: Marahaba. Kwa maelezo yako sioni tatizo la kumbukumbu. Naona kwamba chumbani unafanya zoezi moja, na kwenye mtihani unaulizwa lingine. Ukisoma desa mara ya tatu, macho yanayatambua maneno na unahisi unayajua. Lakini mtihani haukuulizi kama uliwahi kuliona neno "ethambutoli", moja ya dawa za TB. Unakutaka ulitoe mwenyewe kichwani, karatasi ikiwa tupu. Kutambua na kutoa ni vitu viwili, na hicho cha pili hujawahi kukifanyia mazoezi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi makala fupi. Baadhi waliisoma tena, wengine waliiweka kando wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Hapo ndipo unapodanganyika, ndugu yangu. Unajipima dakika tano baada ya kufunga daftari, na wakati huo kurudia kusoma kunaonekana kunalipa.

Kwa hiyo anza hivi. Soma kipengele kimoja cha desa, kurasa nne au tano tu, kwa nia ya kuelewa. Lifunge. Chukua karatasi tupu, weka dakika 10, andika kila unachokumbuka. Utakwama, na utajisikia vibaya, usifungue. Kule kuhangaika kutafuta ndiko kunakoimarisha kumbukumbu, na anayechungulia baada ya sekunde tatu amejinyima faida yenyewe. Dakika 10 zikiisha, fungua desa, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Wekundu huo ndio unaotengenezewa kadi.

Kadi hazihitaji gharama. Karatasi moja ya A4 ukiikunja nusu mara tatu na kuikata unapata kadi nane. Mbele andika swali, nyuma jibu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kadi inayosema "Eleza ethambutoli", yenye mistari tisa nyuma, haifai: utakumbuka mitano, utajipa alama, na ile minne haitakuja kamwe. Swali moja, jibu moja. Tena liulizwe kama litakavyokukuta dirishani pa kutolea dawa:

Mbele: "Mgonjwa wa TB, wiki ya 6 ya dawa, anasema hatofautishi nyekundu na kijani. Unashuku dawa gani?"
Nyuma: "Ethambutoli. Inaathiri neva ya jicho. Arudishwe kwa daktari leo."

Tengeneza nyingine ya ganzi na miguu kuchoma (isoniazidi, kinga yake ni vitamini B6), ya maumivu ya viungo (pirazinamidi, kwa sababu ya asidi ya yuriki kupanda), na ya mkojo wa rangi ya chungwa (rifampisini, na mgonjwa aambiwe mapema asije akashtuka). Kisha zichanganye. Ukizisoma dawa moja baada ya nyingine, kila moja inaonekana wazi; ubongo unakwama pale zinapofanana. Isoniazidi na rifampisini zote zinaweza kuumiza ini. Lakini rifampisini inachochea vimeng'enya vya ini (protini zinazovunja dawa mwilini), hivyo vidonge vya uzazi wa mpango vinavunjwa haraka na mama anaweza kushika mimba. Isoniazidi inazuia baadhi ya vimeng'enya, hivyo fenitoini, dawa ya kifafa, inapanda kwenye damu. Jozi kama hii iandikie kadi ya kulinganisha: "Ipi inachochea, ipi inazuia, na mfano mmoja kwa kila moja?" Nina hakika sehemu kubwa ya mchanganyiko wako iko kwenye jozi za namna hii.

Sasa ratiba. Tangu mwaka 1885, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, inajulikana kwamba usahaulifu unaenda kasi sana mwanzoni, saa na siku za kwanza, kisha unapungua kasi. Ndiyo maana marudio ya kwanza yawe kesho yake, yanayofuata yaachane zaidi na zaidi. Tafuta bahasha tano, mtindo ulioenezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi mpya inaingia ya kwanza, inaulizwa kesho. Ukiipata, inahamia ya pili na kuulizwa baada ya siku 2. Ya tatu, baada ya siku 4. Ya nne, baada ya siku 7. Ya tano ni ya zilizomaliza mzunguko. Ukiikosa, hata kama ilikuwa ya nne, inarudi ya kwanza. Nyuma andika kwa penseli tarehe ya kuulizwa. Ukipenda simu, programu ya Anki inapanga tarehe yenyewe na kwenye Android ni bure.

Kadi mpya zisizidi 15 kwa siku. Unaweza kuona ni kidogo, lakini piga hesabu: kila kadi inarudi mara nne, kwa hiyo baada ya wiki mbili utakuwa na kadi 60 hadi 75 kwa siku, sawa na dakika 20 hadi 30. Anayeanza na kadi 50 siku ya kwanza hulemewa wiki ya pili na kuacha yote. Kwa kuwa una siku 28, tengeneza mpya kwa siku 14 za mwanzo tu, jumla 210, ili hata ya mwisho ipate muda wa kumaliza mzunguko. Wiki ya mwisho ongeza pepa za zamani, madesa yakiwa yamefungwa na saa ikihesabu.

Kukesha, acha. Ubongo huimarisha ulichosoma ukiwa usingizini, hivyo ukikesha unakata kazi ikiwa nusu, na asubuhi unaingia na umakini ulioshuka. Lenga kulala kwa muda wa saa 7 au zaidi. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe mchana: kafeini ya saa 12 jioni, karibu nusu yake bado iko mwilini saa 5 usiku.

Vidonge usinunue. Kwa kijana mwenye afya hakuna kidonge cha dukani chenye ushahidi mzuri wa kuongeza kumbukumbu. Lakini kama unasahau hata mambo ya kila siku, au umechoka muda wote na unahisi kizunguzungu, nenda hospitali ukapimwe wingi wa damu. Upungufu wa madini ya chuma unapunguza umakini, na unatibika.

Herufi za kukariri kama RHZE (R rifampisini, H isoniazidi, Z pirazinamidi, E ethambutoli) zitumie, ila ujue zinabeba orodha tu: zitakupa majina manne na kwamba yanatolewa miezi miwili kabla ya RH miezi minne, hazitakuambia kwa nini mgonjwa haoni rangi. Na kadi itakayokugomea mara tatu usiendelee kuirudia. Ama ina maswali mawili ndani yake, igawe. Ama hujaelewa utaratibu ulio nyuma yake, na hiyo ipeleke kwa mhadhiri wako ukiwa umeishika mkononi.